Binti wa Bologna na Somo la Fizikia

Wapo wazazi wanaotuambia kuwa fizikia si somo la binti, kana kwamba Kanisa ndilo lililonena hivyo. Mwaka 1732, mjini Bologna, Italia, Laura Bassi alitunukiwa udaktari wa falsafa na kupewa nafasi ya kufundisha chuo kikuu, Askofu Mkuu Lambertini akimtia moyo. Ila wakuu wa mji walimzuia kufundisha hadharani bila kibali, kwa kuwa ni mwanamke. Lambertini, aliyekuwa sasa Papa Benedikto XIV, alimwingiza mwaka 1745 miongoni mwa wanazuoni wake wateule. Laura akafundisha fizikia nyumbani kwake, huku akilea watoto. Uprofesa wa fizikia aliupata mwaka 1776, baada ya miaka 44. Na msaidizi wake alikuwa mumewe.