Jirani Aliyeandika: Chimbuko la Diwali na Kumbukumbu za Usambara

Usiku wa giza wa mwezi wa Kartika huangukia Oktoba au Novemba, wakati mvua za vuli zinaponyesha juu ya milima yetu. Usiku huo Wahindu huwasha taa milangoni na madirishani. Watoto wetu huuliza, na majirani zetu Wasambaa huuliza pia: taa hizi zawashwa kwa ajili ya nini? Jibu tulilolizoea ni sahihi, lakini si jibu pekee. Tukiyafuata majibu mengine hadi yalikoandikwa, tutakutana na funzo linalotuhusu sote tunaoishi Lushoto.

Jibu tulilolizoea linatoka katika kisa cha Ramayana, utenzi mkuu wa Kisanskriti unaonasibishwa na mshairi Valmiki. Bwana Rama, mwana wa mfalme wa Ayodhya, alinyang'anywa kiti cha enzi katika mkesha wa kutawazwa kwake, akapelekwa uhamishoni kwa miaka 14. Aliishi msituni pamoja na mkewe Sita na nduguye Lakshmana. Ravana, mfalme wa Lanka, alimteka Sita. Rama akapigana naye, akamshinda, kisha akarejea nyumbani. Mapokeo yetu yasema kwamba watu wa Ayodhya waliwasha taa ili kumlaki.

Hata hivyo, sikukuu ya taa ina kumbukumbu nyingine za kale. Katika karne ya 7 Mfalme Harsha wa India ya Kaskazini aliitaja katika tamthilia yake iitwayo Nagananda. Maelezo marefu zaidi yaliandikwa mnamo mwaka 1030, na aliyeyaandika hakuwa Mhindu. Alikuwa Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni Mwislamu aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973. Alijifunza Kisanskriti, akaketi na wataalamu wa Kihindu, akawauliza habari za dini, nyota, sheria na sikukuu zao, kisha akaziandika kwa Kiarabu. Aliishi chini ya utawala wa Sultani Mahmud wa Ghazni, ambaye majeshi yake yalivunja hekalu la Somnath huko Gujarat. Al-Biruni hakunyamaza: aliandika kwamba mashambulizi hayo yaliharibu ustawi wa nchi na kuwatawanya watu wake.

Kuhusu Diwali, anaeleza kwamba watu walioga, wakavaa mavazi mazuri, wakapeana zawadi za tambuu na popoo, wakaenda mahekaluni kutoa sadaka, na usiku wakawasha taa nyingi kila mahali. Sababu aliyopewa haikuwa kurudi kwa Rama. Aliambiwa kwamba siku hiyo Devi Lakshmi humfungulia Mfalme Bali, aliyefungwa chini ya ardhi, ili atoke aione dunia mara moja kwa mwaka. Bali anakumbukwa kwa ukarimu wake, na enzi yake kwa neema. Kwa hiyo taa zile zilikuwa pia ukumbusho wa zamani ambapo watu waliishi kwa heri.

Kwa Wagujarati, ambao ndio wazee wa wengi wetu Afrika Mashariki, Diwali ina maana nyingine tena. Siku inayofuata ni mwaka mpya, na vitabu vipya vya hesabu hubarikiwa kabla ya kufunguliwa. Wakati huo bahari hutulia, na punde upepo wa kaskazi huanza kuvuma, upepo uleule uliosukuma vyombo kutoka Gujarat hadi pwani yetu. Hivyo sikukuu moja imebeba kurudi kwa Rama, kufunguliwa kwa Bali, baraka za Lakshmi na mwanzo wa mwaka wa biashara. Hakuna kisa kinachofuta kingine.

Sasa tuitazame milima yetu. Habari za ufalme wa Usambara nazo ziliandikwa na mtu wa nje. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, Mwislamu wa pwani aliyeishi karibu na watawala wa Kilindi, alikusanya masimulizi ya wazee, na kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapwa kwa sehemu na wamisionari wa Magila kati ya mwaka 1895 na 1907. Humo tunasoma habari za Mbegha, mwindaji kutoka nchi ya Nguu. Ndugu zake walimwona kigego, kwa kuwa alitangulia kuota meno ya juu, wakamnyima urithi na kumfukuza. Akazunguka porini na mbwa wake, akiwinda nguruwe. Alipopanda Usambara aliwagawia watu nyama na kuwaamulia mashauri yao. Alipokuwa akielekea Vuga aliua simba, na watu wa Vuga wakamfanya mfalme wao. Mwanawe Bughe, aliyezaliwa na mama Msambaa na kukaa Bumbuli, ndiye aliyemrithi.

Visa hivi viwili havikutoka chemchemi moja, wala tusivilazimishe vifanane. Rama alirudi kwao, Mbegha hakurudi. Wageni ndio waliompa kwao papya, kwa sababu alikuja na mkono wa kutoa. Kwa jamii yetu, ambayo wazee wake walivuka bahari kisha wakapanda milima hii, kisa cha Mbegha nacho ni chetu, na watoto wetu wanapaswa kukijua sawa na kile cha Ayodhya.

Al-Biruni na Abdallah bin Hemedi walikuwa majirani waliouliza kwa heshima, wakasikiliza, wakaandika kwa uaminifu yasiyo yao. Bila wao tungepungukiwa na mengi. Wazee wetu wanaokumbuka jinsi Diwali ilivyosherehekewa hapa zamani wanazidi kupungua, na mengi waliyoyaona hayajaandikwa. Maadhimisho haya yawe mwanzo wa kazi hiyo. Vijana wa hekalu wachukue daftari na kuketi na wazee wao, kisha wabishe hodi kwa wazee wa Kisambaa, wawaulize nao waliona nini usiku ule wa taa. Huenda jirani anakumbuka jambo ambalo sisi wenyewe tumelisahau.