Njia ya Wapitao, Nchi ya Wakaao

Oktoba 1847, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alitoka Rabai akavuka nyika ya Taru kwa miguu mpaka mlima Kasigau, ambao katika maandishi yake aliuita Kadiaro. Mwaka uliofuata alipita tena Taita akielekea Uchagga, na tarehe 11 Mei 1848 akaiona theluji ya Kilimanjaro. Vitabu vya shule vinaikumbuka theluji. Mimi naikumbuka zaidi njia, kwa sababu ndiyo iliyobaki mikononi mwetu. Kijiji cha Rukanga kiko chini ya mlima ule ule, na anayetoka huko leo hufuata barabara ya vumbi mpaka Maungu, kwenye lami ya Mombasa na Nairobi. Tangu enzi za misafara watu wa hapa wameishi kando ya njia inayotengenezwa kwa ajili ya wengine, na historia ya usalama wake ni historia ya nani alihesabiwa kuwa mwenye njia.

Hatari ya kwanza ilikuwa kiu. Msafara uliotoka pwani kwenda bara haukuwa na budi kuikata Taru, na maji ya Maungu yalikuwa mbali. Mpagazi aliyeachwa nyuma na mzigo wake ndiye aliyekuwa hatarini kuliko wote. Kila msafara ulikuwa na kirangozi aliyeijua njia, mahali pa maji na mahali pa kulala, na uhai wa wengi ulitegemea maarifa yake. Wataita waliwauzia wapitaji chakula. Njia ilikuwa soko lao, lakini haikuwa yao. Mwaka 1890 kampuni ya Imperial British East Africa, chini ya William Mackinnon, ilianza kufyeka barabara ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Mombasa kuelekea Kibwezi, na baadaye Kapteni Sclater akaiendeleza mpaka Busia. Jina la Mackinnon likabaki kwenye mji mdogo ulio kati ya Taru na Maungu.

Kisha ikaja reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwaka huo huo, tarehe 17 Agosti, mwanamke aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na motokaa jijini London, akawa mtu wa kwanza nchini Uingereza kufa kwa kugongwa na gari akitembea kwa miguu. Huku kwetu motokaa zilikuwa bado. Waliokufa ni wajenzi wa reli: katika Wahindi wapatao 32,000 walioletwa, karibu 2,500 walikufa. Dunia inawajua simba wa Tsavo wa mwaka 1898, ila maradhi na ajali za kazini ziliua wengi kuliko simba.

Mwaka 1915 ndio unaonionyesha waziwazi maana ya kukaa karibu na njia ya mwenye nguvu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walikuwa wakivuka mpaka kutoka upande wa Tanganyika na kutega baruti kwenye reli. Waingereza wakawashuku Wakasigau kwamba wanamsaidia adui, wakachoma vijiji vyao na kuwahamishia Malindi kwa nguvu. Huko wengi walikufa, na waliosalia hawakuruhusiwa kurudi kwenye mlima wao hadi baada ya miaka mingi. Wakati huo huo jeshi lilitandaza reli nyingine kutoka Voi kuelekea Maktau na Taveta. Makaburi ya askari wa vita hivyo yanatunzwa vizuri Voi, Maktau na Taveta, na ni haki yatunzwe. Wakasigau waliozikwa Malindi hawana safu za mawe yenye majina. Usalama wa reli ulipimwa kwa usalama wa mizigo na majeshi yaliyopita juu yake, na waliokaa kando yake walihesabiwa kuwa sehemu ya hatari.

Baada ya vita hivyo malori yalianza kuonekana, lakini serikali ya kikoloni ilitaka mizigo ipande treni, kwa hiyo barabara ya Mombasa ikaachwa kuwa ya udongo kwa miongo mingi. Mvua ilipokolea magari yalizama kwenye tope, na kiangazi kilipokaza vumbi liliwafumba madereva macho. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, ilitungwa mwaka 1953, wakati magari yalipokuwa yameongezeka kiasi cha kuhitaji polisi na mahakama zake. Lami ilikuja baada ya uhuru. Kwa hakika iliokoa saa nyingi za safari. Pia ilileta mwendo ambao barabara ya tope haikuuruhusu, na kwa mwenye duka, mchungaji na mtoto wa shule wa Maungu, Bachuma au Voi, jambo hilo la pili ndilo lililobadilisha maisha.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu zibebe abiria bila leseni za magari ya umma. Kwa wananchi wa kawaida lilikuwa jambo jema: mabasi hayakutosha, na matatu zilifika kusikofika basi. Lakini gari liliingia kazini bila ukaguzi, na dereva bila kuulizwa amelala saa ngapi. Sheria ya 1984 ilizirudisha chini ya leseni na ukaguzi. Karibu miaka ishirini zaidi ikapita, abiria wakiinama na kuning'inia milangoni, kabla ya serikali kushika kamba kwa nguvu.

Aliyeishika ni John Michuki, Waziri wa Uchukuzi. Tangazo la Kisheria namba 161 la Oktoba 2003 lilianza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004. Matatu ibebe abiria 14 tu, kila kiti kiwe na mkanda, kidhibiti mwendo kisiruhusu kuzidi kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano uzunguke gari, dereva na kondakta wavae sare. Siku za mwanzo usafiri ulikwama nchi nzima na watu wakatembea kwenda kazini. Wengi hawakunung'unika, kwa sababu walipopanda tena walikaa kama binadamu. Naamini hakuna kanuni ya barabarani iliyowahi kuheshimiwa na Wakenya kama hiyo, na iliheshimiwa kwa sababu abiria aliona faida yake siku ile ile. Msako ulipolegea, vidhibiti mwendo vilichezewa na mikanda ikachakaa.

Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA. Mwishoni mwa 2013 mabasi ya usiku yaliwekewa masharti ya leseni maalumu, na baada ya ajali ya Migaa ya alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, iliyoua watu 36, safari za usiku za magari ya abiria zilipigwa marufuku kwa muda. Kwa Voi, mji ambao mabasi ya Mombasa huupita usiku, amri hizo zilihisiwa hadi kwa mama muuza chai wa stendi. Ila trela liliendelea kupita, na mwenye kuvuka barabara gizani alibaki na hatari ile ile.

Kuna jaribio moja la Kenya ambalo nalipenda kuliko amri zote hizo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika ndani ya matatu vibandiko vya kuwahimiza abiria wapaze sauti dereva anapoendesha vibaya. Magari yaliyobandikwa yalichaguliwa kwa kura ili yalinganishwe na mengine kwa haki. Katika awamu ya kwanza madai ya bima ya magari hayo yalipungua kwa nusu au zaidi, na jaribio lilipopanuliwa chini ya jina Zusha, ajali zilipungua kati ya asilimia 25 na 33. Kibandiko ni karatasi tu. Kilichofanya kazi ni abiria kupewa ruhusa ya kusema.

Madereva wenyewe wana desturi yao. Pale Mackinnon Road, kando ya reli, kuna msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, Mpunjabi aliyekuwa msimamizi wa vibarua wakati wa ujenzi wa reli. Wenye magari husimama pale kuomba dua kabla ya kuendelea. Sioni sababu ya kuidharau desturi hiyo. Dereva aliyeendesha tangu Nairobi, akazima injini, akanawa uso na kunyoosha miguu, anarudi kwenye usukani akiwa salama zaidi, na ni vizuri kwamba kuna mahali barabarani panapomkumbusha kwamba anaweza kufa.

Badiliko lililofika mpaka Rukanga lilikuja kwa magurudumu mawili. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru kwa pikipiki ndogo, zile zisizozidi ujazo wa injini wa cc 250, na kwa muda mfupi bodaboda zikajaa vijijini. Kwa mara ya kwanza tangu msafara wa Rebmann, mtu wa Kasigau alikuwa na chombo chake cha kwenda Maungu saa anayotaka. Bodaboda humpeleka mama mjamzito kituo cha afya, hurudi na gunia la unga, humfikisha mwanafunzi shuleni. Huipita njia ile ile ya vumbi inayokata ranchi kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, mahali ambapo ndovu huvuka jioni. Kisha hutoka kwenye vumbi na kuingia ghafla katikati ya matrela. Mzee wa mtaani akisema kijana ameumia Maungu, hakuna anayeuliza ni kwa nini.

Sheria inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae kofia ngumu na riflekta, na abiria awe mmoja tu. Huku kwetu kofia huonekana mara nyingi ikiwa imening'inizwa kwenye usukani. Hapa ndipo ningewataka viongozi wetu waitazame Vietnam, nchi iliyojaa pikipiki kuliko sisi. Kabla ya mwisho wa 2007 kofia ilitakiwa kwenye baadhi ya barabara tu, na wengi hawakuijali. Tarehe 15 Desemba 2007 sheria ikaamuru kila aliye juu ya pikipiki, kwenye kila barabara, aivae. Uvaaji ukapanda ghafla hadi zaidi ya asilimia 90. Amri ilitangazwa miezi kabla, polisi walikuwa tayari kutoza faini, na kofia nyepesi za nchi za joto zilikuwa zimeanza kutengenezwa nchini humo. Dosari zikajitokeza: watu walivaa bila kufunga kamba, watoto waliachwa vichwa wazi kwa sababu sheria ilikuwa na mwanya, na kofia hafifu zikajaa sokoni. Vietnam ikarudi na kurekebisha. Utafiti unaonyesha kofia bora hupunguza uwezekano wa kifo kwa takriban asilimia 42, na wa jeraha la kichwa kwa asilimia 69. Jirani yake Malaysia ilianza tangu miaka ya 1970 kutenga njia ya pikipiki pembeni ya barabara kuu ya Federal, badala ya kuzilaumu tu kwa kukaa katikati ya malori.

Joto la Kasigau si geni Hanoi. Kijana wa Rukanga anayekataa kofia nzito ya plastiki hafanyi ukaidi mtupu. Atakayemletea kofia nyepesi yenye matundu ya hewa, kwa bei anayoimudu, na ya pili kwa abiria wake, atakuwa amemfanyia zaidi ya msako wa polisi wa Ijumaa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni, na bara letu lilikuwa na kiwango cha juu kuliko mengine, vifo 19 kwa kila watu 100,000. Nchini Kenya NTSA ilihesabu waliokufa 4,748 mwaka 2024, na wanaotembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi. Mtembea kwa miguu hana leseni ya kunyang'anywa wala gari la kukaguliwa, kwa hiyo sheria zetu hazimwoni. Anayeweza kumwona ni mhandisi.

Reli mpya ya SGR ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na serikali ikajaribu kuyapeleka makontena yote kwenye treni. Malori yakapungua Voi, na pamoja nayo wateja wa hoteli na gereji, kisha amri ikaondolewa mwaka 2022 na matrela yakarudi. Mjadala ulikuwa wa ajira na ada za bandari, na idadi ya watu wanaogongwa haikuwa mezani. Lami ya Mwatate hadi Taveta, iliyofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, imefungua soko la Holili na Arusha, na imeongeza mwendo ndani ya Tsavo Magharibi ambako wanyama huvuka. Imependekezwa pia barabara ya kulipia kutoka Nairobi hadi Mombasa, iitwayo Usahihi, ya kilomita takriban 440.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa serikali ya kitaifa barabara kuu, na kaunti ikapewa barabara za kaunti, taa za barabarani, usafiri wa umma na magari ya wagonjwa. Mtu anapogongwa Maungu, barabara ni ya Nairobi na majeruhi ni wa kaunti, na hospitali inayompokea ni ile ya rufaa ya Moi mjini Voi. Kwa hiyo kabla mkataba wa Usahihi haujafungwa, wawakilishi wa Taita Taveta wanapaswa kuuliza, kwa maandishi, vivuko vya miguu vitakuwa wapi Maungu na Voi, bodaboda zitapita upande gani, nani atalipia taa, na gari la wagonjwa litakaa wapi usiku. Watu wa Rukanga wana haki ya kuyasoma majibu hayo kabla ya tingatinga kufika.