Maji yaliyopita juu ya bati: Dar es Salaam, 2011 na 2022

Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata zaidi ya milimita 150 za mvua kwa siku moja. Bonde la Msimbazi lilifurika, watu wakafa. Baadhi ya walionusurika baadaye walihamishiwa Mabwepande. Oktoba 2022 mto Ruvu, unaolinywesha jiji hilohilo, ukapungua mno, ukaja mgao wa maji.

Piga hesabu: milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita za mraba 50 siku ile lilimwaga lita 7,500 na ushee, zote mtaroni, kwa jirani wa bondeni. Mvua zinazokuja, funga gata na tanki kabla ya bustani. Maji ya mwanzo yaache yaoshe vumbi, ndipo ukinge.