Jinsi Nguvu za Umeme Zilivyofika Kitale na Bungoma



Katika mkutano mkuu wa mwaka uliopita mzee wetu mmoja wa upande wa Bungoma aliuliza swali ambalo siku ile halikupata jibu. Alieleza kwamba alipokuwa mtoto wa kuchunga ng'ombe aliona nguzo ndefu zikisimamishwa mashambani na nyaya nene zikivutwa juu yake, kutoka upande wa Uganda kuelekea Nairobi. Akakua, akaoa, akazeeka karibu na nyaya hizo, na muda huo wote alisoma barua za wanawe kwa mwanga wa koroboi. Alitaka kujua kwa nini umeme ulipita juu ya kichwa chake wala usishuke. Kamati iliniagiza nitafute jibu na kuliandika katika taarifa hii, ili vijana nao wapate kulisoma.

Hapana budi nianze mbali kidogo, Unguja. Kampuni ya umeme ya Kenya husimulia kwamba asili yake ni mashine aliyoinunua Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, mwaka 1875, ili kutia taa katika jumba lake na njia zilizo karibu. Mimi naupokea mwaka huo kwa tahadhari, maana taa ya Edison ilijulikana mwaka 1879, na Beit al-Ajaib, jumba linalosifiwa kwa taa za umeme, lilijengwa mwaka 1883. Labda zilikuwa taa za namna nyingine, au labda msimulizi wa kwanza alikosea hesabu. Hata hivyo yasimuliwa kwamba mashine hiyo ilinunuliwa mwaka 1908 na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, ikavushwa bahari, na kwayo ikazaliwa kampuni ya taa ya Mombasa. Mwaka uo huo mhandisi Clement Hertzel alipewa haki ya peke yake ya kuuza umeme mjini Nairobi. Mwaka 1922 kampuni za miji hiyo miwili ziliunganishwa, zikawa East African Power and Lighting Company, yaani Kampuni ya Nguvu na Taa ya Afrika ya Mashariki. Kampuni hiyo ilikua upesi. Mwaka 1932 ilipata sauti kubwa katika kampuni ya umeme ya Tanganyika, na mwaka 1936 ikapewa leseni ya Uganda.

Yafaa wasomaji waiangalie sana tabia ya kampuni hii, kwa kuwa jibu la mzee wetu limo humo. Ilikuwa kampuni ya wenye hisa. Fedha zake zilitoka kwa watu waliotazamia faida kila mwaka, na serikali ya kikoloni iliipa haki ya kuuza umeme katika miji fulani bila mshindani. Kwa hiyo ilipeleka nyaya mahali palipokuwa na watu wengi waliokaa pamoja, wenye uwezo wa kulipa kila mwezi. Mwenye duka la samaki hawezi kulaumiwa kwa kutogawa samaki bure. Lakini ikiwa amepewa soko zima awe peke yake, watu wana haki ya kuuliza ni nani atakayewapelekea samaki walio mbali na soko.

Basi Kitale na Bungoma, ingawa ni majirani, hazikuwa na bahati moja. Trans Nzoia ilitiwa katika ardhi iliyotengwa kwa walowezi wa Kizungu. Reli ya tawi ilifika Kitale mwaka 1926 kwa ajili ya mahindi yao, na mji ukapata taa za kampuni tangu zamani za ukoloni. Mwafrika hakuweza kumiliki shamba huko. Baba zetu wengi waliishi kama vibarua, nao waliziona taa hizo walipotumwa mjini. Bungoma kwa upande wake ilikuwa rizavu. Reli kuu ya Uganda ilipita hapo, maduka machache yakajengwa karibu na stesheni, lakini watu walikaa mmoja mmoja kila mtu shambani mwake, kama ilivyo desturi yetu hata leo. Mhasibu wa kampuni angeitazama ramani ya namna hiyo na kuikunja.

Sasa tufike kwenye nguzo za mzee wetu. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls, Jinja, pale Mto Naili unapotoka katika Ziwa Victoria. Uganda ilikuwa imekwisha kuunda bodi yake ya umeme mwaka 1948, na bwawa hili lilitoa nguvu nyingi kuliko zilizoweza kutumika nchini mwake wakati ule. Nairobi nayo ilikuwa na njaa ya umeme. Mwaka uo huo wa 1954 iliundwa Kenya Power Company, ikisimamiwa na ile kampuni kubwa, nayo ikapewa kazi ya kujenga njia ya umeme kutoka Tororo hadi Nairobi. Mkataba wa miaka 50 ukafanywa na Uganda mwaka 1955, na mwaka 1958 umeme wa Jinja ukaanza kufika Nairobi. Njia yake ilikata mashamba ya Bungoma, ikashika kuelekea Lessos katika nchi ya Wanandi, kisha ikateremka Bonde la Ufa.

Wengine hudhani kwamba mtu angeweza kuchukua tawi dogo hapo njiani kama achotaye maji ya mfereji. Haiwezekani. Umeme unaosafiri mbali husukumwa kwa nguvu kubwa mno ili usipotee njiani. Nyaya zile zilichukua volti 132,000, na taa ya nyumbani yahitaji 240 tu. Ili kuushusha hapana budi kijengwe kituo cha kupozea umeme chenye transfoma kubwa, unaotoka hapo kwa volti 33,000 au 11,000, kisha transfoma ndogo zaidi iwekwe karibu na nyumba. Kituo kama hicho ni mali nyingi, na gharama yake hailipwi na koroboi mia zilizozimwa. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa mzee wetu: umeme haukushuka kwa kuwa palikosekana ngazi, na mwenye fedha za ngazi alikuwa akijengea miji.

Tena palikuwa na hatari ambayo wengi wameisahau. Nchi yetu hii ilikuwa sehemu ya Uganda mpaka Aprili 1902, serikali ya Kiingereza ilipohamisha mpaka. Februari 1976 Idi Amin alisimama na kusema kwamba ardhi hiyo yote ni ya Uganda. Kwa hiyo mtawala aliyedai mashamba yetu ndiye aliyekuwa ameshika swichi ya Jinja. Kwa bahati njema Kenya ilikuwa imeanza kujitegemea kwa maji ya Mto Tana: Kindaruma ilifunguliwa mwaka 1968 na Kamburu mwaka 1974, zikafuatwa na Gitaru mwaka 1978 na Masinga mwaka 1981. Mwaka 1991 ulikamilika Turkwel, ambao maji yake huanza kama Mto Suam katika mlima wetu wa Elgon. Umeme wake nao ulivutwa hadi Lessos kwanza!

Kilichoshusha umeme Bungoma kwa wingi ni viwanda. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilianza kazi mwaka 1974, na kile cha sukari cha Nzoia kilisaga miwa ya kwanza mwaka 1978. Wateja wakubwa kama hao hujengewa ngazi, na leo kituo cha Musaga, karibu na Webuye, kimekaa juu ya njia ile ile ya kutoka Tororo. Serikali ilikuwa imechukua sehemu kubwa ya hisa za kampuni mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1973 ikaanza mpango wa umeme wa mashambani. Mpango ulikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Soko lilipata taa, shule ya sekondari ikapata, zahanati ikapata, na boma lililo hatua mia tano kutoka hapo likabaki gizani. Kampuni ilibadili jina mwaka 1983 ikawa Kenya Power and Lighting, na mwaka 2011 ikawa Kenya Power. Watu wa kwetu hawakujali majina hayo, wao husema stima tu.

Mlango ulifunguka kweli mwaka 2015. Kabla ya hapo mwenye nyumba alitakiwa kulipa shilingi 35,000 ili aunganishwe, fedha ambazo mkulima wa mahindi hazioni kwa mkupuo mmoja ila auze ng'ombe. Kwa mpango mpya ada ilishushwa hadi shilingi 15,000, ikaruhusiwa kulipwa kidogo kidogo, na waliolengwa ni wale wakaao ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Nchi nzima wateja wamepita milioni 9. Hata hivyo wengi wao hununua tokeni za shilingi hamsini, huwasha taa moja na kuchaji simu, basi.

Nyumba ya mzee wetu iliunganishwa katika mpango huo. Lakini Kamati ilipotembelea wanachama mwaka huu iliona jambo la kusikitisha: wako wajane wetu ambao mita imepigiliwa ukutani na ndani mna koroboi ile ile, kwa kuwa hawana fedha za kutia nyaya na kununua soketi. Watoto wao hufanya kazi za shule moshini. Kwa sababu hiyo hoja italetwa mkutanoni kwamba sehemu ya mfuko wa elimu itumike kutia nyaya katika nyumba hizo kabla ya muhula ujao. Wako wanachama wanaopinga, wakisema mfuko uliwekwa kwa karo peke yake, na maneno yao yana uzito. Mweka Hazina atasoma makadirio ya gharama baada ya hesabu za mwaka, na mzee aliyeuliza swali ameombwa awe wa kwanza kusema.