Saa Tisa ya Petro na Saa Tisa Yetu

Sura ya 3 ya Matendo ya Mitume inaanza na Petro na Yohana wakipanda kwenda hekaluni kusali, saa tisa. Msomaji wa Kiingereza akifika hapo husita kidogo, ndiyo maana baadhi ya tafsiri za karibuni zimemsaidia kwa kubadilisha tarakimu: tisa imekuwa tatu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji msaada huo. Watu wa Yerusalemu wa zama zile walihesabu saa za mchana kuanzia jua linapochomoza, nasi twahesabu vivyo hivyo. Saa tisa ya Petro ndiyo saa tisa yetu: jua limeanza kuinama na aliye ofisini ameanza kutazama mlango. Sura ya 10, Petro huyohuyo anapanda darini kusali yapata saa sita, ana njaa, na chakula bado kinaandaliwa. Saa za sala za Kanisa la kwanza ziliangukia katikati ya shughuli za watu.

Naikumbuka habari hiyo kila ninaposikia kijana Mkristo, mwenye kazi ya mchana na masomo ya jioni, akisema angependa kusali ila muda haupatikani. Historia ya pwani yetu ya kaskazini ina la kumwambia.

Tuanzie Moa, kijiji cha bahari kaskazini ya mji wa Tanga, wilayani Mkinga, karibu na mpaka wa Kenya. Ni pwani ya Waislamu, na Mkristo anayeishi huko mara nyingi ameletwa na kazi: ualimu, uuguzi, uaskari. Siku ya huko ina wakuu wawili. Wa kwanza ni bahari. Kupwa kwa leo hakurudi kesho saa ileile. Huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo mvuvi hawezi kuishi kwa saa ya ukutani. Bamvua likija, mambo yote hupangwa upya. Mkuu wa pili ni adhana. Maji yawe yamejaa au yamekupwa, jua likifika mahali pake mwadhini ataita.

Adhana hiyo imeingia hata katika kinywa cha asiye Mwislamu. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi: haya ni majina ya nyakati, na ni majina ya sala pia. Mlutheri wa Lushoto akimwambia mwenzake “tuonane alasiri”, ameitaja sala bila kukusudia. Lugha yenyewe ilikwisha kuikata siku kwa sala kabla misheni ya kwanza haijafika.

Misheni ilipofika ilikuja na kengele. Mwaka 1868 Charles Alington wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyokuwa na makao yake Unguja, alianzisha kituo Magila, katika nchi ya Wabondei, bara kidogo kutoka Tanga. Leo pale panaitwa Msalabani. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wao baadaye, alitafsiri Maandiko na sala kwa Kiswahili, na utaratibu wa sala waliouleta ulikuwa wa asubuhi na jioni.

Kwa nini mara mbili? Hapo nyuma pana kisa cha watu wenye shughuli. Katika karne ya 6, Benedikto wa Nursia aliwawekea watawa wake sala saba za mchana na moja ya usiku. Mwaka 1549 Thomas Cranmer, akiandaa kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza, alizikusanya zote katika ibada mbili, zisomwe kwa lugha ya watu. Mkulima na fundi wasingeweza kuacha kazi mara nane kwa siku. Ibada zilipungua, lakini kila iliyobaki iliachiwa saa yake. Ndivyo zilivyofika Magila: chache, zenye kengele.

Kisha pwani ikapata mwenye saa mwingine. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge. Ilikuwa 1,000 iliposafirishwa, ikafika hai 62, ikapandwa karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo yakazaliwa mashamba yaliyoufanya mkoa wa Tanga ujulikane duniani. Yalihitaji mikono kuliko iliyokuwapo, na manamba wakaletwa kutoka mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda hata ofisi yao ya kuwaandikisha, SILABU. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku uliyofanya kazi iliwekewa alama. Usiyofanya ilibaki tupu, na mshahara ulingoja mpaka kadi ijae.

Fikiri kidogo juu ya kadi hiyo. Adhana na kengele huigawa siku na kukurudishia vipande vyake. Kipande cha mkonge kilichukua siku nzima, kikaiita moja. Ndani yake hapakuwa na alasiri wala jioni; palikuwa na alama, au pengo. Miongoni mwa waliokwenda kuijaza walikuwamo watu wa Songea, na huko Songea ndiko watawa wa Benedikto walikoanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898. Kijana aliyekulia karibu na kengele ya watawa angeweza kujikuta kati ya safu za mkonge, siku yake ikihesabiwa na mnyapara.

Kanuni ya Benedikto ilikwisha kumfikiria mtu wa namna hiyo. Inataka mtawa akisikia ishara ya sala aache mara moja kilichomo mkononi. Lakini ina sura fupi pia kwa walio kazini mbali au safarini, wasioweza kufika kanisani: saa ikifika, wasali palepale walipo. Haiwasamehi saa, inawasamehe mahali. Nadhani sura hiyo ndiyo iliyo yetu zaidi kuliko nyingine zote.

Kwa maana wengi wetu tunaishi kwa kipande, ingawa hakuna anayetuwekea alama kwenye kadi. Siku ni nzima, haina mshono. Ujumbe wa kazini huingia saa tatu usiku kama unavyoingia saa tatu asubuhi. Tukiambiwa tutafute muda wa kusali, twautafuta pale usipoweza kuwapo, kwenye mabaki: kazi ikiisha, foleni ikipungua, mtoto akilala. Mabaki hayo huliwa na usingizi, na Mkristo huhitimisha kwamba imani yake imepoa, kumbe pengine kilichokosekana ni saa.

Niliyoyataja yote yanakubaliana katika jambo hili. Petro hakungoja nafasi. Saa tisa ilipofika alikuwa njiani kwenda hekaluni. Cranmer hakuwaambia wakulima wasali watakapopata wasaa. Na mvuvi Mwislamu wa Moa, ambaye bahari humvuruga ratiba kila siku, hajiulizi kila asubuhi kama leo atapata muda wa alasiri. Alasiri ipo. Kinachobaki kupangwa ni kazi.

Basi Mkristo aliyepangiwa kazi Moa hana haja ya kuona adhana kama sauti ya dini ya wengine inayopita juu ya paa lake. Inapoitwa alasiri, saa tisa ya Petro nayo imefika au imekaribia. Anaweza kuweka kalamu chini kwa dakika tatu na kusali sala yake mwenyewe, katika imani yake mwenyewe, mahali palepale alipo, huku ng’ambo ya ukuta jirani akitawadha. Dakika tatu ni chache, lakini zina jina na zina mahali pake katika siku. Kesho maji yatakupwa kwa kuchelewa, na saa tisa itarudi palepale.