Hatima ya Mahututi: Digodigo na Taarikhi ya Kuhesabu Wagonjwa

Mwezi wa Machi 2011, nchi ya Wabatemi, ambao majirani zao huwaita Wasonjo, ilipata umashuhuri ambao haikuutafuta. Samunge, kijiji kilicho jirani na Digodigo katika wilaya ya Ngorongoro, kilipokea magari kutoka pande zote za Afrika Mashariki, yaliyopita Mto wa Mbu, Engaruka na kando ya Ziwa Natron, yakileta watu waliotaka kunywa kikombe cha dawa ya mti uitwao mugariga kwa shilingi 500 mkononi mwa Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri ambaye umma ulimwita Babu. Miongoni mwao walikuwamo mahututi waliotolewa vitandani hospitalini, na baadhi walikata roho wangali kwenye foleni.

Foleni ile ilipimwa kwa kilomita, ikazidi 20. Lakini hali ya kila mnywaji baada ya miezi sita haikupata kipimo kama hicho. Wingi wa waendao ukashikwa kuwa ithibati ya uponyaji, ilhali wingi huo hauelezi neno juu ya wapatao nafuu. Ithibati hupatikana pale tu ambapo mgonjwa huandikwa aingiapo, na hatima yake huandikwa pia, iwe njema au mbaya.

Elimu ya kuandika hatima, kwa upande wa mahututi, ilizaliwa katika dhiki. Mwaka 1952, maradhi ya polio yalipoupiga mji wa Copenhagen hata wagonjwa wakashindwa kuvuta pumzi, tabibu Bjørn Ibsen alishauri watobolewe koo na kutiwa mpira wa hewa, na wanafunzi wa utabibu wakaketi kando ya vitanda kwa zamu, usiku na mchana, wakiminya mifuko ya hewa kwa mikono. Kwa kuwa vifo viliandikwa kabla ya tiba ile na baada yake, ilidhihirika kwamba katika wale waliozidiwa, ambao takriban tisa katika kumi walikuwa wakifa, sasa walikufa chini ya nusu. Mwaka uliofuata Ibsen akaanzisha chumba maalumu cha mahututi. Miaka mingi baadaye, huko Boston, kumbukumbu za kompyuta za wagonjwa zaidi ya 40,000 waliolazwa katika vyumba vya namna hiyo kati ya 2001 na 2012 zilifutwa majina na kufunguliwa kwa wachunguzi wa ulimwengu mzima.

Kwetu Tanzania daftari lilitangulia kompyuta. MTUHA, mfumo wa taarifa za afya ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulileta vitabu vikubwa vilivyopigwa mistari, ambamo muuguzi hujaza jina, umri, kijiji na maradhi, kisha hatima: ameruhusiwa, amefariki, amepewa rufaa. Kwa kumbukumbu za hospitali nne za rufaa, yaani Muhimbili, KCMC ya Moshi, Bugando na Mbeya, wachunguzi walifuatilia wagonjwa zaidi ya 5,600 waliopita katika vyumba vya mahututi mwaka 2009 na 2010, wakabainisha mwaka 2014 kwamba takriban 41 katika kila 100 walifariki.

Lakini mahututi hawamo vyumbani humo tu. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ukatangazwa mwaka 2025, ulionyesha kwamba mgonjwa mmoja katika wanane alikuwa mahututi, na 69 katika kila 100 ya hao walilazwa katika wodi za kawaida. Mtu wa Digodigo aliyezidiwa huanzia kituo cha afya, hupelekwa hospitali ya Wasso, na pengine Arusha au Moshi; na neno "rufaa" likiisha kuandikwa, aghalabu daftari la kwanza humpoteza, kwa kuwa kila mlango humpa namba mpya. Mfumo wa kompyuta ulioenea nchini mwaka 2013 hukusanya jumla za kila mwezi, nazo husema wangapi, hazisemi nani alifikia wapi.

Wabatemi wamezoea kugawana maji ya mifereji kwa zamu chini ya wazee waitwao wenamiji, nao wanajua kwamba mwenye shamba la mwisho hapati haki yake zamu za waliotangulia zisipokumbukwa. Basi kompyuta itakuwa na manufaa Digodigo siku ambapo namba moja itamfuata mgonjwa hadi Moshi, siri yake ikihifadhiwa, na habari ya kupona au kufa kwake ikarejea kwa muuguzi aliyempakia garini, apate kujua kama alimwahi au alimchelewesha.