Feti ya bia iliyozaliwa na njaa



Mwaka jana, mwezi wa kenda, mwenzangu mmoja niliyesoma naye agronomia alinitumia picha kwa WhatsApp. Yeye alibahatika kupata ufadhili wa masomo Ujerumani. Mimi ningali hapa Goma, nachambua mbegu za maharagi. Kwenye picha kulikuwa hema kubwa kama kanisa, meza ndefu, watu wamesimama juu ya viti, na kila mmoja ameshika glasi ya bia ya lita nzima. Chini aliandika: "Cannstatt. Siku utafika Ulaya, hapa usipapite."

Nilicheka, kiisha nikaanza kusoma juu ya hiyo Cannstatt. Nilidhani nitakuta hadithi ya bia. Kumbe ni hadithi ya volkano, na juu ya volkano sisi watu wa Goma hatuhitaji kuelezwa sana.

Mwezi wa ine 1815, mlima Tambora ulipasuka kwenye kisiwa cha Sumbawa, katika nchi inayoitwa leo Indonesia. Nyiragongo tunaijua: 2002 lava ilipita katikati ya mji, 2021 ikatukimbiza tena usiku. Lakini Tambora ilikuwa jambo la namna nyingine. Ilirusha juu sana vumbi na gesi ya kiberiti, ikatandaa kuzunguka dunia na kuzuia sehemu ya joto la jua. Mwaka uliofuata, 1816, watu wa Ulaya waliuita mwaka usiokuwa na kiangazi. Mvua haikukatika, baridi ilikuja wakati wa kukomaa kwa nafaka, viazi vikaoza ndani ya udongo. Na hakuna aliyejua sababu. Mlima ulipasuka mbali kilometa zaidi ya 10,000, wao wakabaki kuuliza Mungu wamekosa nini. Ni katika karne iliyofuata ndipo wataalamu walianza kuunganisha ule mlima na ile njaa.

Sehemu moja iliyoumia sana ni ufalme wa Württemberg, kusini ya Ujerumani, mji wake mkubwa Stuttgart. Wakati ule vita vya Napoleon vilikuwa vimetoka kuisha, ghala zilikuwa tupu, kodi zilikuwa nzito. Bei ya nafaka ikapanda mpaka maskini wakachanganya unga na maganda ya miti na nyasi kavu ili mkate uwe mkubwa. Wanyama walichinjwa juu ya kukosa majani. Katika 1817 maelfu ya watu waliuza walichokuwa nacho wakashika njia, wengine kwenda Urusi, wengine Amerika.

Serikali ilimtuma mtumishi mmoja kijana, Friedrich List, ambaye baadaye alikuwa mwanauchumi maarufu, aende Heilbronn aulize hao wanaoondoka: juu ya nini munaenda? Hawakulalamikia njaa peke yake. Walimweleza pia juu ya kodi, na juu ya wakubwa wanaowanyanyasa. Nilisoma pale mara mbili. Leo kijana wa kwetu akitaka kwenda Ulaya, tunasema anafuata makuta. Miaka mia mbili iliyopita Mjerumani mwenyewe alikuwa anaikimbia Ulaya, na ukimuuliza sababu, anajibu karibu maneno yale ile ya kwetu.

Ufalme ulikuwa umepata mfalme mpya katikati ya hayo mateso. Wilhelm wa Kwanza alishika kiti tarehe 30 mwezi wa kumi 1816, bibi yake akiwa Katharina, dada ya mfalme mkuu wa Urusi. Mimi si mtu wa kusifu wafalme, lakini hawa wawili walifanya mambo ambayo mwenye diploma ya kilimo hawezi kuyapita hivi hivi. Mwanzoni mwa 1817 Katharina aliunda shirika la kusaidia maskini nchi nzima: jiko za supu, na kazi kwa wale wenye mikono. Mwaka uliofuata akaanzisha benki ya kuweka akiba kwa watu wadogo. Serikali ilinunua nafaka nje. Na wakati mavuno ya 1817 yalipofika, magari ya kwanza yenye miganda yaliingia mijini yakiwa yamepambwa, kengele zikilia, watu wakiimba na kulia.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Njaa ikiisha, serikali nyingi husahau. Wao walikuja na vitu viwili kwa mwaka mmoja. Tarehe 28 mwezi wa kenda 1818, siku moja kisha siku ya kuzaliwa ya mfalme, walifanya feti ya wakulima huko Cannstatt, kwenye uwanja wa majani kando ya mto Neckar. Kulikuwa mashindano ya farasi, na zawadi kwa wafugaji wenye wanyama bora. Katikati walisimamisha nguzo ndefu iliyopambwa na nafaka, matunda na mboga, mchoro wa Thouret, mjenzi wa mfalme. Wanaiita Fruchtsäule, nguzo ya mavuno. Kwa mtu aliyekula mkate wa maganda mwaka uliopita, fikiria ile nguzo ilimwambia nini.

Kiisha, tarehe 20 mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule, wakafungua shule ya kilimo huko Hohenheim, ndani ya jumba ambalo mtawala wa zamani alijenga kwa kumpendeza bibi yake. Shule ilikuwa na mashamba ya majaribio, na karakana ya kutengeneza vyombo vya kilimo. Leo ni Chuo Kikuu cha Hohenheim, na wengi wetu tumeisoma majina ya watafiti wake chini ya vitabu bila kujua kwamba chuo chenyewe ni mtoto wa njaa.

Mkurugenzi wa kwanza aliitwa Johann Nepomuk Schwerz. Huyu alikuwa ameandika vitabu juu ya kilimo cha Ubeljiji, na jembe la kukokotwa la Hohenheim lilitokana na lile la Waflamandi. Nilipofika hapo nilinyamaza kidogo. Ujuzi wa shamba za Wabeljiji ulifika Württemberg kwa njia ya kitabu na jembe. Kwetu, mwaka 1917, Wabeljiji walileta kilimo cha lazima: lima pamba, usipolima kuna jela na fimbo. Mkulima mmoja anaitwa uwanjani apewe zawadi, mwingine anaitwa apigwe. Halafu tunashangaa kwa nini bibi zetu wakisikia neno "agronome" wanafunga mlango.

Kuna jambo moja dogo nitie hapa, juu ya tshukudu zetu. Mwaka 1817, Karl Drais alipanda huko Mannheim mashine ya mbao ya magurudumu mawili, inayosukumwa na miguu. Mwanahistoria mmoja anadai aliibuni kwa sababu shayiri ya farasi ilikuwa bei kali juu ya ile njaa. Wengine wanapinga. Mimi sijui kuamua, lakini nikitazama tshukudu inateremka na viazi kutoka Kibumba, naona hoja si ya kijinga.

Kibumba inanirudisha kwa kitu ambacho sijakiandika popote.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nafanya kazi ya muda kwenye mradi mmoja wa mboga. Mambo hayakuenda vizuri: mbegu zilichelewa, na mashamba ya mfano yalitoa mashu madogo kama ngumi. Ikatangazwa foire ya kilimo hapa mjini, wakubwa watapita, kila mradi uwe na meza. Mkubwa wangu akanipa makuta, akasema tu, "Meza ijae." Asubui mapema nilienda sokoni, nikachagua mashu kubwa kubwa zaidi kwa mama mmoja, nikazipanga, nikaandika karatasi kwa mkono wangu: "Mavuno ya wakulima wetu."

Saa tano hivi, yule mama alipita. Sijui alikuja kutafuta nini. Alisimama, akashika shu moja, akaligeuza akatazama pale alipolikata, kisha akasema kwa sauti ya kawaida: "Mutoto, hizi mashu njo zangu." Nikasema, "Ndiyo mama." Akasoma karatasi, maana alijua kusoma. Akauliza: "Basi jina yangu iko wapi?" Nikakosa jibu. Wakubwa walifika, wakapiga picha na mashu, hotuba zikawa sita, na kuhusu zawadi, ilikuwa makofi tu. Mama alikuwa amekwisha kurudi sokoni.

Ndiyo maana feti ya Cannstatt imenikalia kichwani. Siyo kwamba Wajerumani ni watakatifu. Zawadi zile zilienda sana kwa wenye mifugo mizuri, na mwenye ng'ombe mzuri mara nyingi alikuwa na shamba kubwa tangu zamani. Mjakazi aliyekamua hakutajwa. Lakini mfugaji alileta mnyama wake mwenyewe, jirani akaja kumtazama, akauliza alimlisha nini. Maonyesho yalikuwa darasa. Mwenye mnyama alikuwa na jina.

München nayo, ile Oktoberfest inayojulikana zaidi, ilianza 1810 kwa harusi ya mwana wa mfalme na mbio za farasi. Maonyesho ya kilimo yaliongezwa 1811. Kwa mtu wa fani yetu, naona Cannstatt ndiyo yenye mzizi zaidi.

Katharina hakuona feti ya pili. Alikufa mwezi wa kwanza 1819, akiwa na miaka 30 tu. Feti ilibaki, ikakua, ikabadilika. Siku moja ikawa siku 17, wageni ni mamilioni, na bia imemeza sehemu kubwa ya jambo. Nguzo ya mavuno iliwahi kuondolewa baada ya ufalme kuanguka 1918, kwa kuwa ilikumbusha mfalme, lakini baadaye ikarudishwa. Leo ina urefu wa mita 26. Na kila miaka mine hivi, kando ya mahema ya bia, bado wanafanya maonyesho makubwa ya kilimo, na ng'ombe, matrakta, na wanafunzi wa kilimo wanaoeleza watoto wa mji maziwa yanatoka wapi. Basi mwenye kupata njia ya kwenda, atazame kwanza kalenda achague mwaka huo, mwisho wa mwezi wa kenda. Hohenheim na Cannstatt zote ziko ndani ya mji wa Stuttgart. Unaweza kuona shule asubui na kula kuku wa kuchoma jioni.

Nilimwandikia mwenzangu haya yote, ujumbe mrefu kweli. Nikamwomba arudi uwanjani anipigie picha ya ile nguzo, karibu karibu, ili nione vimewekwa vitu gani. Aliituma siku mbili baadaye. Nikaona maboga, nikaona masuke. Nikamuuliza: "Yale maboga yametoka kwa nani? Kuna jina?"

Akajibu: "Ndugu, sikutazama. Nilikuwa kwa mustari wa kuku."